Ngwe ya Mwisho

Wiki iliyopita walikuja walimu vijana watatu hapa kwangu Lyamkena. Wamevaa vizuri, viatu vinang'aa licha ya vumbi letu. Wakakaa, wakanywa chai, halafu wakaanza kulia. Vitabu havitoshi. Watoto hawajui Kiingereza. Ukiwaambia waandike insha wanakukodolea macho. Niliwasikiliza mpaka birika likaisha, kisha nikawaambia wanyamaze, maana kama ni kulia, mimi nilianza kabla baba zao hawajaoa, na sikuona faida yake.

Basi nawaambia na ninyi wengine mnaoshika chaki. Nilifundisha kuandika Kiingereza enzi za Mwingereza, katika shule ya kati iliyokuwa juu ya kilima karibu na Kichiwa, njia ya kutoka Makambako kwenda Njombe. Wanafunzi wangu nyumbani walisema Kibena. Kiswahili walikikuta shuleni, wakakisema kwa kusitasita. Kiingereza kikaja juu ya hapo, wakati hicho cha pili bado hakijakaa sawa. Mwisho wa darasa la nane kulikuwa na mtihani, ndani ya mtihani kulikuwa na insha, na insha ndiyo iliyowaangusha wengi. Ukianguka unarudi kwenye jembe. Jembe si baya, hata leo ninalo, lakini kurudi kwa kupenda na kurudi kwa kufukuzwa ni mambo mawili.

Mwanzoni nilifundisha kama kitabu kilivyotaka. Kitabu kilikuwa na insha ya siku moja ufukweni: miavuli, watoto wanajenga nyumba za mchanga, baba anasoma gazeti. Mimi mwenyewe maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto Ruhuji wakati wa masika. Hata hivyo nilisoma kwa sauti kubwa, nikaeleza kwa ujasiri wote, nikawaambia nao waandike. Mmoja akaandika kwamba alifika baharini asubuhi, akavua viatu, akavuka, na upande wa pili akamkuta shangazi yake anapalilia viazi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaisoma tena, nikaona kwamba katika insha zote za siku ile shangazi huyo peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa kweli.

Aliyenitoa kwenye bahari hiyo ni mkuu wetu wa shule, Mwalimu Mligo, mzee mfupi aliyevaa koti lile lile zito kiangazi na masika. Alinikuta nasahihisha, akachukua daftari moja, akalisoma, akalirudisha mezani. Hakuuliza habari za sarufi. Aliuliza kama kuna mtu yeyote pale shuleni, mimi nikiwemo, aliyewahi kulowa maji ya chumvi. Nikasema hakuna.

"Basi wape macho kwanza," akasema. "Maneno yatafuata."

Tangu siku hiyo somo langu la insha lilianzia nje. Tulikwenda kumtazama mhunzi akifua jembe. Tulikwenda barabarani kutazama lori lililozama tope na watu wakilisukuma. Kila mtoto alitakiwa arudi na kitu alichokiona, kitu alichokisikia na kitu alichokigusa, na bila hivyo haketi. Neno "zuri" nililipiga marufuku. Anayesema kiazi kilikuwa kizuri aniambie kilikuwaje: kilipasuka ganda, kilimchoma ulimi, au kilikuwa kibichi katikati? Walikasirika sana, na mimi sikujali. Hilo nawaachia bure, litumieni kesho.

Na msiniambie habari za baridi. Kalamu zetu zilikuwa za kuchovya wino, na Juni ya huku mnaijua, vidole vinagoma. Jirani na shule aliishi bibi mmoja mjane, Bibi Ana, na watoto walipita kwake asubuhi kuomba makaa. Waliyabeba kwenye makopo, wakapasha mikono ndipo waandike. Daftari lenye tundu la cheche halikuwa kosa kwangu. Daftari tupu ndilo lililokuwa kosa.

Ila hata wakishakuwa na macho, bado walikuwa na woga. Mtoto anajua anachotaka kusema, lakini akiona yuko peke yake na karatasi, anaganda. Hapo ndipo nilipokumbuka shamba.

Ninyi wa mjini huenda hamkuikuta desturi hii. Kwetu mtu hakulima peke yake. Ukitaka kulima shamba la ulezi uliita majirani. Kila mmoja alipewa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima kutoka huku mpaka kule, na wote mkaanza pamoja. Aliyemaliza mapema hakukaa kivulini. Aligeuka, akaingia kwenye ngwe ya aliyechelewa, wakakutana katikati. Hakuna aliyeondoka mpaka ngwe ya mwisho iishe. Ndipo mlikaa kunywa. Sisi watu wa kanisa tulisema ni togwa isiyolevya, na wazee wa kanisa wakipita nao walikunywa, wakafuta midomo, wakakubali kuwa ni togwa.

Penye kinywaji hapo kuna jambo msilisahau, maana ndilo lililotuletea balaa. Kazi ilisimuliwa, ila hakuna aliyesimulia ngwe yake. Kusema mimi nililima hivi, mimi nilifika wa kwanza, ilikuwa aibu. Ulisimulia shamba zima, ukamsifu mwenzako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na aliyejitembeza kwetu hakuitwa tena msimu uliofuata.

Basi nikaleta shamba darasani. Tukirudi kutoka kwa mhunzi, insha tuliijenga kwanza kwa mdomo. Huyu analeta moshi, yule analeta sauti ya nyundo, yule wa nyuma anakumbuka kwamba mhunzi alikuwa akiimba. Kiingereza kikipinda tunakinyoosha pamoja ubaoni, kisha nafuta ubao wote na kila mtu anaandika yake. Watoto waliokuwa mabubu wakafungua vinywa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sentensi ya Kiingereza ni chawa mkubwa.

Katika darasa hilo alikuwemo Zakaria, kijana wa Kitandililo. Alianza shule akiwa amekwisha kuwa mkubwa, baada ya kuchunga ng'ombe wa baba yake miaka mingi, na alipofika darasa la nane alikuwa na ndevu. Wenzake walimwita Mzee, naye akaitika bila kinyongo. Alipoandikishwa kwa mtihani tuliambiwa waziwazi kwamba huyu umri umempita, hataruhusiwa kurudia. Wenzake wakianguka waliweza kubembeleza mwaka mwingine. Yeye alikuwa na nafasi moja tu. Alitaka kuwa mwalimu. Aliniambia hivyo siku moja huku anatazama miguu yake, utadhani anaomba kitu cha mtu.

Agosti ya mwaka huo upepo uling'oa paa la Bibi Ana. Upepo wa Makambako hauna adabu, na ule ulikuwa umelewa kabisa. Bibi aliamka anatazama nyota. Mimi sikusema neno. Darasa la nane lenyewe likaitana. Jumamosi wakaenda, wengine kukata nyasi, wengine kukata mianzi, wasichana wawili na wavulana kadhaa kukanda udongo wa kuziba kuta, na Zakaria akapanda juu kuezeka, kwa kuwa ndiye aliyeijua kazi. Nilifika jioni kula viazi tu. Hatukuifanya kazi hiyo kuwa insha. Sikuuliza hata swali moja, na nashukuru mpaka leo kwamba sikuuliza.

Mtihani ukaja. Swali la insha lilitaka mtu aandike juu ya kazi aliyoifanya na kuridhika nayo. Nilipoliona karatasini nilitamani kuruka, maana watoto wangu walikuwa na macho. Wakafanya, wakaaga, wakarudi makwao.

Mvua zilikuwa zimeanza Mwalimu Mligo aliponiita. Alikuwa hajafungua vifungo vya koti, na hiyo haikuwa dalili njema. Akanieleza kwamba matokeo ya insha ya darasa zima yamezuiwa. Msahihishaji amekuta paa moja, upepo mmoja na bibi mmoja katika karatasi zote. Tena hakuna hata mtoto mmoja aliyesema yeye mwenyewe alifanya nini. Wote walisimulia kazi nzima kwa mpangilio uleule, wakawasifu wenzao. Imeamuliwa kwamba mwalimu aliwatungia insha, wakaikariri. Isipopatikana sababu ya kuridhisha, wote wameanguka.

Nilicheka kwanza. Sikucheka kwa furaha. Ni kule kucheka kunakokuja mtu akipigwa kofi asilolitarajia. Nililiona jambo lote pale pale. Watoto wangu walikuwa wamekaa penye togwa, ndani ya chumba cha mtihani, wakasimulia shamba kama walivyolelewa. Nikamwaza Zakaria, nikaacha kucheka.

Walimu wenzangu walinishauri niache yaishe. Mwingereza akishaandika ameandika, walisema, na mimi nina kazi na watoto wangu wa kulisha. Mke wangu hakunishauri kitu. Alinifungia viazi na mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, maana alikuwa ameshanisoma usoni. Wengine huiita tabia yangu hii ukaidi. Yeye alisema ni ugonjwa, na dawa yake ni kuniacha niende.

Nilidandia lori la magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, pale Makambako, nikaenda mpaka ofisi ya mkaguzi wa elimu. Karani akaniambia Bwana Mkaguzi hana nafasi. Nikasema sina haraka, nikakaa kwenye benchi. Kesho yake nikakaa tena. Karani akaniuliza kama nina ndugu mjini, nikamjibu nina benchi. Nafikiri walichoka na harufu ya magome kwenye nguo zangu, maana hatimaye mlango ulifunguliwa.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu, si mkali, si mpole, mtu wa kazi. Nikamweleza habari za shamba, ngwe na kinywaji. Alisikiliza yote, na niliona kwamba haamini hata robo.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini, "mtihani ni wa mtu mmoja mmoja."

"Ndiyo, Bwana. Basi njoo uwatenge mmoja mmoja, uwape paa lile lile."

Akainua kichwa. Nadhani alitegemea niombe swali jipya. Nikamwambia swali jipya halitathibitisha lolote kuhusu karatasi alizonazo. Kama walikariri, watamrudishia maneno yale yale. Kama walikuwepo, aliyekuwa juu ataandika ya juu na aliyekanda udongo ataandika ya udongo. Alizungusha kalamu yake mezani kwa muda, kisha akakubali, kwa sharti lake. Kila mtoto aandike yale tu aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Atakayeshindwa kuandika atahesabiwa kuwa alikariri.

Kuwakusanya kulinimalizia soli za viatu. Kitandililo, Lyamkena, vijiji vya juu kuelekea Njombe, kila nyumba salamu ya kamwene, keti kwanza, kula kwanza, na huwezi kukataa. Lakini walikuja wote. Nikawaketisha chini nikawaeleza sharti, na nilidhani watafurahi. Walinitazama kana kwamba nimewaambia wavue nguo barabarani. Msichana mmoja, Tumaini, akauliza itakuwaje akiandika kwamba alibeba nyasi nyingi, halafu Bibi Ana asikie kuwa anajitangaza.

Hapo, vijana, hakuna kitabu cha ualimu kitakachokusaidia. Nikawaambia hivi: penye kinywaji, anayejisimulia anajisifu. Lakini mwenye shamba akisimama kwenye ngwe yako akakuuliza nani amelima hapa, ukinyamaza humheshimu. Unamjibu. Huyu Bwana amekuja kuuliza. Tumaini akaitikia kwa kichwa polepole, na wenzake nao. Zakaria hakuitikia.

Mkaguzi alifika na gari lake asubuhi, ukungu ndio kwanza unainuka. Darasa hakulitaka. Akaamuru watoto wachukue vigoda wakakae kwenye uwanja wa mpira, mbalimbali, kama kabichi zilizopandwa na mtu mwenye ardhi nyingi. Mimi na Mwalimu Mligo tukaambiwa tukae kwenye ngazi za darasa, tusiseme neno. Mwalimu Mligo akafunga vifungo vyake vyote.

Wakaanza. Tumaini aliandika ameinama, hakuinua macho. Wengine walipuliza vidole, wakaandika, wakapuliza. Mkaguzi alipita katikati yao, mikono nyuma, akichungulia. Niliona akisimama kwa mmoja, kisha akarudi kwa mwingine kulinganisha, na mabega yake yakalegea kidogo. Nikajua wale wamepona.

Lakini Zakaria alikuwa hajaandika kitu. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, magoti juu kwa sababu kigoda kilikuwa kifupi kwake, kalamu mkononi, karatasi nyeupe. Nilijua kilichomkwaza. Kazi ya Zakaria ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwingine akisema nilibeba nyasi, hajasema kitu. Yeye akisema niliezeka mimi, atakuwa amesema paa ni langu. Nilitaka kupiga kelele kutoka pale kwenye ngazi. Nilitaka kumwambia, mwanangu, mwenye shamba amesimama juu ya ngwe yako, mjibu. Mwalimu Mligo alinishika goti nisiinuke.

Mmoja mmoja wakamaliza, wakapeleka karatasi. Mkaguzi akawa anamwambia kila mmoja kwamba sasa anaweza kwenda nyumbani. Kila mmoja alisema asante, akarudi kwenye kigoda chake, akaketi. Hakuna aliyemsogelea Zakaria. Hakuna aliyefungua mdomo wala kuashiria. Waliketi tu pale walipo, mikono kwapani, nyuso zimemwelekea yeye. Tumaini naye akapeleka yake, akarudi, akaketi. Uwanja mzima ukawa umemaliza isipokuwa mmoja, na hakuna hata mtu aliyesimama.

Mkaguzi akawatazama. Akatazama saa yake. Akaja kwangu, na kwa mara ya kwanza niliona mtu huyu hajui la kufanya.

"Nimewaambia waende. Kwa nini hawaendi?"

"Bwana," nikasema, "ngwe ya mwisho haijaisha."

Nilidhani atakasirika, maana nilikuwa nimekatazwa kusema. Akageuka, akawaangalia tena, mmoja hadi mwingine, kisha akavuta jiwe lililokuwa alama ya goli, akaketi juu yake na suruali yake nzuri. Naye akangoja.

Sijui Zakaria alikaa hivyo kwa muda gani. Ukungu ulikuwa umeshaondoka kabisa. Najua tu kwamba wakati fulani aliinua kichwa, pengine kwa kuona kimya kimezidi, akawaona wote wamekaa, pamoja na yule Mwingereza juu ya jiwe. Aliwatazama sana. Kisha akachovya kalamu. Akaandika moja kwa moja, hakufuta kitu, hakusimama mpaka alipomaliza. Alipoinuka kupeleka karatasi, ndipo na wenzake wakainuka, wakabeba vigoda vyao.

Matokeo yalikuja baadaye. Wawili walianguka, na walistahili. Nilikuwa nimewapigia kelele mwaka mzima. Tumaini alifaulu. Zakaria alikwenda chuo cha ualimu na ndevu zake, akafundisha mpaka mvi zikazidi zangu. Paa la Bibi Ana lilidumu kuliko Bibi mwenyewe. Ninyi mnaolia kwamba watoto hawawezi, fundisheni. Watoeni nje wakaone. Wapigieni marufuku neno zuri. Na mkiwa mmefika mwisho wa somo, kuna mmoja pembeni bado karatasi yake nyeupe, kaeni chini mngoje.

Mkaguzi aliisoma ya Zakaria pale pale uwanjani, amesimama. Alipofika mwisho aliinua macho, akawatazama wale watoto waliokuwa wakishuka kilima pamoja, halafu akanipa karatasi niisome kabla hajaitia kwenye mkoba. Kiingereza chake hakikuwa na pambo. Nawapa mistari ya mwisho kwa Kiswahili chetu:

"Nilikuwa juu ya paa peke yangu. Nilifunga nyasi kwa kamba na nyasi zikanikata mikono. Sikutazama chini kwa sababu ya upepo. Nilipofunga fungu la mwisho jua lilikuwa limezama, nikafikiri wenzangu wamekwenda kwao. Nikatazama chini. Wote walikuwa pale, wameishika ngazi."